Kanzu, Kilemba na Tarbushi: Safari za Ajabu za Mavazi Yetu



Halmashauri ya chama chetu iliponitaka niandike kurasa za tarehe katika kitabu hiki cha ukumbusho, nilidhani kwanza kwamba nitaandika habari za misikiti na vyuo vya Kurani. Lakini hayo yameandikwa na wenzangu walio wajuzi kuliko mimi, wala sikupenda msomaji asomeshwe jambo moja mara mbili. Kwa hiyo nimechagua jambo dogo, ambalo huenda baadhi ya wakubwa zangu wakaliona ni mzaha, nalo ni habari za nguo tunazozitundika nyuma ya mlango.

Sababu yake ni hii. Miaka michache iliyopita, katika msikiti mmoja wa mji huu ambao sitautaja, kijana mmoja aliingia akasimama safu ya mbele, kichwa wazi, amevaa suruali na shati. Mzee mmoja alimshika bega akamrudisha nyuma mbele ya watu wote, akamwambia, “Hapa ni nyumba ya Mungu, mwanangu. Nenda ukavae vazi la dini.” Kijana hakujibu neno. Alisali safu ya nyuma, akatoka, na tangu siku hiyo hatukumwona tena msikitini pale. Mzee mwenyewe alikuwa amevaa kanzu nyeupe, juu yake koti jeusi, na kichwani tarbushi nyekundu yenye kishada. Nami niliyekuwa nimekaa karibu sikusema kitu, lakini nilirudi nyumbani nikijiuliza vitu vile vitatu vilitoka wapi, na ni nani aliyevivika heshima ya dini.

Na tuanze na kanzu, kwa kuwa ndiyo iliyotutangulia katika nchi hii.

Watu wa Buganda hawakukaa uchi wakingoja watu wa pwani waje kuwavika, kama wasemavyo baadhi ya wasimulizi. Walikuwa na lubugo, nguo itokanayo na gome la mti uitwao mutuba. Gome hubanduliwa, likapigwa kwa nyundo za mti mpaka likawa laini na pana, kisha likaanikwa juani likapata rangi ya udongo mwekundu. Mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba kama mgonjwa afungwavyo kidonda, ukaota gome jingine. Mwaka 2008 ufundi huo uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Hata hivyo, lubugo ikilowa mvua huharibika, wala haifuliki kama pamba, na hilo lilitosha kuwafanya wakubwa waitamani nguo ya kigeni.

Mwaka 1844 Mwarabu mmoja, Ahmed bin Ibrahim, alifika katika baraza la Kabaka Suna. Miaka thelathini na zaidi baadaye alimsimulia Emin Pasha habari za safari zake, na kwa njia hiyo zimetufikia. Siku moja, alisema, Kabaka aliamuru watu wengi wauawe, naye akasimama akamwambia kwamba watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu, ambaye ndiye aliyempa yeye ufalme, na kuwaua ni dhambi kubwa. Hakuna aliyekuwa amethubutu kusema hivyo mbele ya Suna. Mgeni yule angeweza kupotea siku ile ile, lakini Kabaka alimwacha, akaanza kumwuliza habari za huyo Mungu. Basi Uislamu na nguo ya pamba viliingia Buganda kwa mlango mmoja, na tangu hapo watu wakawa hawawezi kuvitenganisha.

Mutesa, mwana wa Suna, aliyetawala tangu mwaka 1856 hata 1884, alivipenda vyote viwili. Alijifunza herufi za Kiarabu, akasema Kiswahili, akafunga Ramadhani miaka kadhaa kuanzia mwaka 1867. Stanley alipofika kwake mwezi wa Aprili 1875 alimkuta Kabaka amevaa tarbushi, joho jeusi na kanzu nyeupe iliyofungwa mshipi wa dhahabu. Ipo picha iliyopigwa na Stanley siku zile. Mtu asiyeambiwa angedhani ni watu wa baraza la Unguja.

Lakini jambo moja Mutesa hakulikubali, nalo ni tohara, kwa sababu desturi ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagika. Hapo ndipo palipozuka msiba. Vijana wa baraza lake waliosilimu walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na wakakataa kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa, hata kama imamu huyo ni Kabaka. Mwaka 1876 aliwaua, wengi wao wakichomwa moto Namugongo. Aliyetoa amri alikuwa amevaa kanzu, na waliochomwa walikuwa Waislamu. Kila nisikiapo watu wakipima imani ya mtu kwa urefu wa nguo yake, nawakumbuka vijana wale.

Wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1877, na mapadri wa Kifaransa mwaka 1879. Waliwakuta watu wakubwa wamevaa kanzu, na badala ya kuwavua, wanafunzi wao wenyewe wakaivaa. Msomaji wa Injili alivaa kanzu, na mwalimu wa katekismu akavaa kanzu. Hivi leo ukienda kwenye sherehe ya kwanjula, ambapo mchumba hupelekwa kwa wazazi wa bibi arusi, utaona safu ya wanaume wamevaa kanzu zenye nakshi nyekundu kifuani na koti juu yake, na huenda katika safu nzima asipatikane Mwislamu hata mmoja. Anayekuja bila kanzu huazimwa upesi, asiwatie wenzake aibu. Vazi lililoletwa na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani limekuwa vazi la heshima la Muganda wa kila dini, na Mkristo akikusikia ukiliita vazi la Kiislamu atastaajabu.

Lakini heshima ya nguo hupanda na kushuka kama bei ya kahawa. Katika siku za utawala wa Waingereza, wenye mahoteli na mabwana wa Kizungu wa Nairobi na Kampala waliwavika watumishi wao kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani. Vazi alilovaa Mutesa kumpokea Stanley likawa vazi la kupokelea sahani. Nadhani wengi waliowavika watumishi wao hivyo hawakujua walikuwa wakiiga baraza la mfalme, na nadhani wengi waliovikwa hawakuambiwa.

Na kitambaa chenyewe je? Hapa pana kisa kisichochekesha. Nguo nyeupe iliyopendwa kuliko zote katika karne ya kumi na tisa iliitwa merikani, nalo jina lake ni Marekani tu, bila kificho. Wafanyabiashara wa Salem, mji wa Massachusetts, waliileta Unguja kwa merikebu. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akakaa Unguja. Nguo hiyo ilikuwa nzito, haikuwa na gundi nyingi ya kudanganyia macho, na katika njia za misafara ilitumika kama fedha: ndiyo iliyolipia chakula, hongo za machifu na pembe za ndovu. Sasa fikiri pamba yake ilitoka wapi. Ilipandwa na kuchumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, nao walikuwa watoto wa Afrika. Mikono ya Waafrika ng’ambo ya bahari ilichuma pamba, viwanda vya kaskazini vikaifuma, na Waafrika wa upande huu wakainunua kwa pembe wakashona kanzu za Idi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na kudumu hata 1865, merikani ikawa adimu, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikapata nafasi sokoni. Kisha mwaka 1903 mbegu za pamba zikaletwa Uganda, wakulima wetu wakailima wao wenyewe, na kwa miaka mingi pamba hiyo ikawa inasafiri kwenda Bombay, Japani na Uingereza, na kurudi dukani ikiwa nguo. Hiyo nayo ni safari ndefu kwa kitu kilichoota nyuma ya nyumba.

Sasa tuje kwenye tarbushi, maana humo ndimo mlimo vituko.

Waturuki huiita fezi, kwa jina la mji wa Fez ulioko Moroko. Kofia nyekundu za sufi zilivaliwa tangu zamani katika nchi za Magharibi ya Waarabu, lakini aliyezifanya kuwa alama ya dola alikuwa Sultani Mahmud wa Pili wa Istanbul. Mwaka 1826 alilivunja jeshi la kale la Majanisari kwa mizinga, akaanza kuunda jeshi jipya kwa taratibu za Ulaya. Jeshi jipya lilitaka vazi jipya. Kofia ya Kizungu yenye ukingo ilikuwa haiwezekani, kwa kuwa ukingo huzuia paji la uso lisifike chini mtu anaposujudu. Tarbushi haina ukingo, kwa hiyo askari aweza kuivaa gwarideni na kusali nayo. Mwaka 1829 amri ikatoka kwamba watumishi wote wa serikali wavue vilemba wavae tarbushi. Masheikh peke yao wakaachiwa kilemba.

Watu walinung’unika sana. Kilemba kilikuwa si nguo tu, bali ni cheo: kwa ukubwa wake, rangi yake na mikunjo yake uliweza kumjua mtu ni kadhi, ni karani au ni fundi. Sasa waziri na karani wake wakafanana vichwa. Hata makaburi yalibadilika. Ilikuwa desturi ya Istanbul kuchonga kilemba cha marehemu juu ya jiwe la kaburi lake, na baada ya amri ile mafundi wakaanza kuchonga tarbushi za mawe. Hata leo mtu apitaye makaburini huko aweza kukisia marehemu ni wa zamani gani kwa kutazama kichwa cha jiwe, bila kusoma herufi moja.

Miaka themanini baadaye watu walikuwa wameisahau ile amri, na tarbushi imekuwa alama ya Mwislamu mstaarabu kutoka Istanbul hata Kairo na Unguja. Na ni nani aliyezishona? Ingawa Sultani alijenga kiwanda chake mwenyewe, tarbushi nyingi zilitoka katika dola ya Austria, hasa katika mji wa Strakonice ulioko Bohemia, zikishonwa na Wakristo wa Ulaya. Jambo hili halikuwaudhi watu mpaka mwezi wa Oktoba 1908, Austria ilipoinyakua Bosnia na Herzegovina. Hapo hasira ikapanda. Wapagazi wa bandarini wakakataa kupakua mizigo ya Austria, na watu wakazivua tarbushi zao barabarani wakazichana, wakavaa kofia nyeupe za sufi na za manyoya. Mgomo huo uliendelea hata mwaka 1909, Austria ilipokubali kulipa fedha. Misri nako, mwaka 1931, wanafunzi walianza kuchanga kirsh moja moja kwa watu wote ili kujenga kiwanda cha tarbushi, kusudi Mmisri asivae kichwani kazi ya mgeni.

Kisha likaja la kustaajabisha kuliko yote. Mwezi wa Agosti 1925 Mustafa Kemal alikwenda Kastamonu amevaa kofia ya Kizungu yenye ukingo, na tarehe 25 Novemba mwaka huo sheria ikapitishwa ya kukataza tarbushi. Basi kofia ile ile ambayo baba zao waliinung’unikia kwa kuwa ni bidaa, sasa wajukuu walikuwa tayari kuifia kwa kuwa ni dini. Ghasia zilitokea Erzurum, Rize, Maraş na kwingineko, na watu walinyongwa. Sheikh mmoja, Atif wa Iskilip, alikuwa ameandika kijitabu cha kuwakataza Waislamu kuvaa kofia za Kizungu. Alikiandika mwaka 1924, kabla sheria haijakuwako. Hata hivyo alipelekwa mahakamani, akanyongwa Ankara mwezi wa Februari 1926.

Na katikati ya msiba huo, vichekesho navyo havikukosekana. Kofia za Kizungu hazikutosha madukani, na yasimuliwa kwamba katika miji mingine wanaume walijipatia kofia za kike, zenye manyoya na utepe, wakazivaa kwa uso mkavu ili askari asiwakamate. Wengine walinunua kofia bapa za wafanyakazi zenye ukingo wa mbele tu, na walipofika msikitini waliugeuza ukingo nyuma, wakasujudu. Mwaka 1932, katika karamu ya sikukuu ya Jamhuri huko Ankara, Mustafa Kemal alimtaka balozi wa Misri aivue tarbushi yake. Serikali mbili zikaandikiana barua kwa majuma kadhaa kwa ajili ya kofia moja. Misri yenyewe, baada ya mapinduzi ya mwaka 1952, iliiacha tarbushi polepole, bila kumnyonga mtu.

Katika Uganda tarbushi iliingia kwa njia mbili. Moja ni ile ya pwani, iliyomfikia Mutesa. Ya pili ilitoka kaskazini, nayo ndiyo waijuayo ndugu zetu Wanubi. Jeshi la Khedivi wa Misri lilivaa tarbushi, na lilipofika Ikweta lilifika nayo. Gavana wa nchi hiyo tangu mwaka 1878 alikuwa Emin Pasha, aliyevaa tarbushi katika picha zake, akasali na Waislamu. Lakini jina lake la kwanza lilikuwa Eduard Schnitzer, amezaliwa mwaka 1840 katika Silesia ya Ujerumani na wazazi Mayahudi, akabatizwa utotoni. Ukiambiwa utaje mtu mmoja aliyevaa nguo za kila dini, huyo yatosha. Vita vya Mahdi vilipoifunga njia ya Khartoum, askari wake walikatika na ulimwengu. Wakapanda pamba wakafuma nguo zao wenyewe. Stanley alimchukua Emin mwaka 1889, askari wengi wakabaki chini ya Selim Bey. Mwaka 1891 Lugard alipowataka wamtumikie, Selim Bey alijibu kwamba hawezi bila idhini ya Khedivi, bwana ambaye kwa miaka mingi hakuwaletea hata mshahara.

Kutoka kwa askari hao na wenzao, tarbushi iliingia katika jeshi la King’s African Rifles, lile lililoitwa Keya, lililoundwa mwaka 1902. Humo aliivaa Mwislamu, akaivaa Mkristo, akaivaa na asiyekuwa na dini ya kitabu. Askari wa Wadachi upande wa pili wa mpaka nao walivaa tarbushi. Katika vita vya mwaka 1914 majeshi mawili ya wafalme wa Kikristo yalipigana katika nchi zetu, na pande zote mbili askari weusi walivaa kofia ya Sultani.

Ama kofia yetu ya kushonwa kwa mkono, yenye vitobo vidogo vya kupitisha hewa, hiyo wengi hudhani ilitoka Arabuni. Jina lake ni la Kiarabu, lakini huko kufia ni kitambaa cha kichwa, si kofia. Na ile kofia yenye nakshi waivaayo watu wa Oman, waiitayo kuma, ilikwenda kwao kutoka pwani yetu, pamoja na watu waliorudi kutoka Unguja. Kanzu nayo Mwomani huiita dishidasha, huitia kishada shingoni na kukichovya katika manukato. Ukimwambia neno kanzu atakuuliza una maana gani. Kilemba kimebaki zaidi katika lugha kuliko vichwani. Malipo apewayo mwalimu mwanafunzi anapohitimu ni kilemba, hata kama mwalimu huyo hajakifunga maishani mwake, na mwenye kusifiwa kwa uongo huambiwa amevikwa kilemba cha ukoka.

Habari za akina mama zataka kitabu chao. Nitasema mawili tu. Leso imepata jina lake kwa Wareno, ambao huita kitambaa cha mkono lenço. Yasemwa wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakavishona sita sita vikawa nguo moja. Na gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda, lenye mabega yaliyosimama na mshipi mpana, lina jina la fundi Gomes, Mgoa, ambaye kazi yake husimuliwa pamoja na shule ya wasichana ya Gayaza iliyoanzishwa mwaka 1905. Mkatoliki wa Goa aliwashonea Waprotestanti wa Gayaza, na leo mama zetu Waislamu huivaa kwenye arusi na mtandio juu yake.

Kabla sijazipeleka karatasi hizi kwa mpiga chapa nilikwenda kumsomea mzee yule niliyemtaja mwanzo, kwa kuwa sikutaka asome habari zake kitabuni kwanza. Alisikiliza akiwa amekaa mkekani, tarbushi ipo gotini. Aliwacheka sana wale waliovaa kofia za kike. Nilipofika kwa Sheikh Atif hakucheka, na nilipomaliza alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama nakijua kijana yule akaako. Nikamwambia sijui. Akasema tutamwuliza mwadhini, huenda yeye anamjua baba yake.